Unyoya Katikati ya Picha

2 Machi

Mvua imeanza leo asubuhi, wiki nzima kabla ya siku yake, na paa la chumba cha darubini linavuja palepale lilipovuja mwaka jana. Spana aliahidi kuliziba. Spana ni fundi wetu wa darubini, na ahadi zake zingekuwa mabati tungeshaezeka mji mzima.

Nimenunua daftari hili kwa sababu huu ni msimu wangu wa mwisho. Mvua zikiisha, tarehe thelathini na moja Mei, nastaafu. Nimekaa miaka thelathini na moja kwenye meza ileile ya kituo hiki cha kuangalia nyota, na kazi yangu ni moja: kusafisha. Asubuhi nasafisha kioo cha kamera kwa brashi laini, kisha nakaa mbele ya kompyuta nasafisha picha zilizopigwa jana yake. Chembe ya vumbi hapa, mkwaruzo pale. Kila kasoro naibandika kiraka cha anga safi, halafu naiandika kwenye daftari la kasoro. Ndiyo maana Spana ananiita Mama Brashi. Haijawahi kurudishwa picha hata moja iliyopita mikononi mwangu, na hivyo ndivyo ninavyotaka kuondoka, jina langu likiwa safi. Ile saa ya ukutani wanayowapa wastaafu wabaki nayo.

3 Machi

Mvua. Hakuna picha.

5 Machi

Jana jioni anga lilifunguka, tukapata picha sita za Kokwa.

Kokwa ni asteroidi, jiwe la upana wa kilomita moja hivi, linalozunguka Jua katika ule ukanda mkuu ulio kati ya Mirihi na Mshtarii, pamoja na mawe mengine yasiyohesabika. Kwa kweli lina namba ndefu tu. Jina tulilipa sisi. Mkuu wa kituo ameliweka kwenye ratiba ili apime linajizungusha kwa saa ngapi, na kwa kuwa mvua zimetubania, msimu huu karibu kila picha ni ya Kokwa. Mwishoni mwa Mei litaingia nyuma ya Jua, na hatutaliona tena kwa miezi mingi.

Katikati ya picha zote sita kuna unyoya. Mwembamba, umelala kushoto kwa Kokwa. Kwenye picha za Februari haukuwapo. Nimeufuta mara sita, nikaandika kwenye daftari la kasoro: unyoya.

6 Machi

Mvua.

9 Machi

Picha nne. Unyoya upo palepale, na kioo nilikisafisha mwenyewe kwa mikono yangu hii! Nimefuta.

Mkuu alipita mezani kwangu. "Shikamoo, Mama." Nikasema marahaba bila kugeuza shingo. Ana umri wa binti yangu wa kwanza, na kila Ijumaa anakuja na kidiski chake mfukoni, anakichomeka kwenye kompyuta yangu, ananakili vitu, anaondoka kimya. Najua anatengeneza programu ya kusafisha picha ili meza yangu isihitaji mtu tena. Sawa, ni haki yake. Lakini kunihesabia makosa kisirisiri mgongoni pangu, hilo sikulipenda na sitalipenda.

12 Machi

Nimempata mchawi. Ni sweta!

Spana ana sweta la sufu la kijani alilofumiwa na marehemu mama yake. Linapukutika kama kuku anayebadili manyoya. Nimemfuata palepale chini ya darubini.

"Wewe, hilo sweta lako linanichafulia kamera."

"Sweta gani tena, Mama Brashi? Hili sweta lina adabu kuliko wewe."

"Lina manyoya. Na manyoya yako kwenye picha zangu. Usiingie nalo humu tena."

"Humu ndani kuna baridi, dada. Paa liko wazi, mvua imetoka kunyesha..."

"Basi paka mafuta ya kuchua."

Alicheka, lakini alilivua. Akalitundika kwenye msumari nje ya mlango, tena kwa taratibu, kama anamlaza mtoto. Nilijitia hamnazo.

13 Machi

Mvua.

15 Machi

Mvua. Paa limevuja juu ya kabati. Spana kaweka ndoo, na ndoo nayo ina tundu.

19 Machi

Picha tano. Sweta halipo, unyoya upo. Basi umeshapenya ndani ya kamera, nyuma ya kioo, ambako brashi yangu haifiki. Nimefuta. Nimeona pia umerefuka kidogo. Bila shaka unajinyoosha.

27 Machi

Mkuu ameniuliza kama mimi pia naona kuwa Kokwa linang'aa kuliko hesabu inavyotaka. Nikamwambia mimi kazi yangu ni uchafu, mwanga mwulize Spana. Akasema keshamwuliza, na Spana kaapa kwamba darubini haina tatizo lolote. Maskini, alikuwa amesimama pale na karatasi zake, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Nusura nimhurumie.

Kiraka changu cha leo kilikuwa kirefu mara mbili ya kile cha kwanza.

4 Aprili

Spana kalala na homa ya mafua. Mkewe kapiga simu, kasema kifua kinambana kwa sababu ya baridi ya kule juu. Hakulitaja sweta. Angelitaja ningepata la kumjibu. Sasa sina.

10 Aprili

Mvua siku ya sita mfululizo. Nguo hazikauki. Mume wangu anashona akiwa amejifunika blanketi, utadhani malkia wa nyuki.

13 Aprili

Leo picha za tarehe 4 Machi zimefutika zenyewe kwenye mashine kuu, zile ghafi ambazo sijazigusa. Kanuni ndiyo hiyo: baada ya siku arobaini picha ghafi inatupwa, inabaki iliyosafishwa. Kanuni hiyo niliipigania mwenyewe miaka tisa iliyopita, nikagonga na meza. Sipendi makorokoro.

18 Aprili

Mungu wangu.

Ngoja niandike taratibu.

Spana amerudi kazini jana, anakohoa, ndani ya koti la mvua. Sweta bado liko msumarini. Na unyoya bado uko kwenye picha. Nikasema liwalo na liwe, leo namletea ushahidi auone kwa macho yake. Nilichomoa nyuzi mbili kwenye kiwiko cha sweta, na ule uzi ukaja na wenzake, kiwiko kikafumuka. Nikazifunga kwenye karatasi, nikachapisha na picha moja kabla sijaisafisha, nikaenda navyo nyumbani.

Mume wangu ni fundi cherehani. Ameshika nyuzi miaka arobaini, na akiwa na miwani yake na ile lenzi ya mkononi hata mungu wa sindano hampiti. Nikamwekea vyote mezani.

"Baba Watoto, niambie kama huu unyoya kwenye picha umetoka kwenye sweta hili."

Akatazama nyuzi. Akatazama picha. Akatazama tena nyuzi. Mimi roho juu.

"Haukutoka."

"Una hakika gani?"

"Sufu inajikunja, mke wangu. Hata uichane, hata uipige pasi, ukiiacha inarudi kujikunja. Angalia hii." Akaishika sufu chini ya lenzi, kweli imejiviringa. "Sasa huu wako umenyooka kama rula. Halafu uzi una upana mmoja mwanzo hadi mwisho. Huu umeanza mnene hapa kwenye hiki kidoti, ukaenda ukififia. Huu si uzi. Hiki kitu kimetoka kwenye kidoti."

Kimetoka kwenye kidoti!

Kidoti ni Kokwa.

Sikula. Nilikaa kitandani nikiwaza kama mwehu, nikaelewa nilivyojidanganya. Uchafu wa kwenye kioo cha kamera unajulikana kwa jambo moja: katika kila picha uko mahali palepale, nyota zikienda huku na huku. Huo ndio msahafu wangu wa miaka thelathini na moja. Lakini darubini yetu ikipiga Kokwa inalifuata Kokwa. Nyota ndizo zinazoburuzika, Kokwa linabaki katikati. Kwa hiyo chochote kilicho kwenye kioo kinabaki mahali palepale, na chochote ambacho Kokwa limekibeba nacho kinabaki mahali palepale. Mtu asiyejua kazi hii angeuliza tu, "Mbona hilo jiwe lina mkia?" Mimi ninayeijua nikaufuta.

19 Aprili

Nimewahi kazini kabla ya mlinzi. Juzi, kwa sababu ya ule wasiwasi wake wa mwanga, Mkuu aliielekeza darubini kwa dakika kumi kwenye kundi la nyota, ili aipime. Nimezifungua hizo picha. Kamera ileile, kioo kilekile, jioni ileile.

Hakuna unyoya.

Nikafungua ya Kokwa iliyopigwa robo saa baadaye. Upo.

Jiwe la ukanda mkuu halina haja ya mkia. Si nyotamkia, halina barafu ya kufuka. Likitoa vumbi ghafla, neno la kwanza linalomjia mtu wa hapa kituoni ni kwamba limegongwa. Jiwe jingine limelipiga, huko mbali pasipo na shahidi, na vumbi lake, likimulikwa na Jua, likaliongezea Kokwa mwanga na kuonekana hadi kwenye kamera yetu. Na shahidi pekee aliyepewa picha alichukua kiraka akafunika. Jioni kumi na moja nimeliona, na mara zote kumi na moja nimelifuta.

Lazima nimwambie Mkuu.

20 Aprili

Mvua. Sikusema.

21 Aprili

Mvua. Mkuu alikuwa na mgeni. Sikusema.

22 Aprili

Mgeni hakuwapo. Sikusema.

23 Aprili

Naona haya kuandika. Nimefika hadi mlangoni kwake, nikarudi nikafanya kama nimesahau miwani. Miwani ilikuwa usoni.

Kinachonizuia ni hiki. Nikinyamaza, naondoka na jina langu safi, nao watapigia hesabu mwanga wa Kokwa hadi wachoke. Nikisema, nitakuwa yule mama aliyefuta. Kila siku ninayonyamaza, Kokwa linazidi kushuka kuelekea Jua na mvua inakula jioni zilizobaki. Mume wangu aliniuliza akiwa ametia uzi mdomoni, "Umemwambia?" Nikamwambia anyamaze ashone. Akanyamaza, akashona.

24 Aprili

Nimesema.

Nilimkuta na zile karatasi zake za mwanga. Nikaweka mbele yake ile picha isiyosafishwa, nikamweleza yote, tangu sweta hadi kidoti, bila kukwepesha macho. Alisikiliza. Kisha akainuka, akaenda dirishani, akanipa kisogo.

"Mara kumi na moja, Mama?"

"Kumi na moja."

"Mimi silali. Mwezi mzima nimemsumbua Spana wa watu, nimeandika barua za kuomba radhi kwa vipimo vibaya, kumbe vipimo vizima! Na wewe siku zote hizo unafuta?"

"Nilidhani ni uchafu."

"Hukuuliza hata mtu mmoja?"

"Nilijua kila kitu," nikasema. "Ndiyo sababu sikuuliza."

Machozi yalinitoka, sikuyazuia. Akageuka, hasira imemshuka kidogo, akaanza kuhesabu kwa vidole. Alihitaji picha ghafi za mwanzo, aone vumbi lilitokea lini na lilikuaje. Nikamwambia za mwanzoni mwa Machi zimeshatupwa, kwa kanuni yangu. Akakunja vidole, akarudi kukaa, na mvua inapiga vioo.

Ghafla akaweka mkono mdomoni.

"Mama. Ninazo."

"Unazo wapi?"

"Kila Ijumaa huwa nanakili. Kabla na baada. Programu haiwezi kujifunza kwako mpaka ione picha ilivyokuwa kabla hujaigusa, halafu ione ulichofanya." Akashusha sauti. "Sikukwambia kwa sababu niliona haya. Ni kama nakuibia mikono."

Nilimtazama yule binti kama ndiyo kwanza namwona. Na mimi nilidhani ananihesabia makosa! Tulikumbatiana katikati ya chumba, tunalia na kucheka, na Spana akachungulia akauliza nani kafa.

25 Aprili

Tumezipanga zote ukutani. Tarehe 26 Februari: kidoti kitupu. Tarehe 4 Machi: mkia mfupi, mnene. Halafu unarefuka, unakonda, unarefuka, unakonda. Katika siku hizo sita, kitu kililigonga Kokwa. Mimi siku hizo nilikuwa nagombana na mwenye duka juu ya bei ya daftari hili.

Mkuu anataka picha moja zaidi, ya mwisho. Kama Kokwa lina barafu ya siri, mkia utakuwa bado unalishwa, mnene pale karibu na jiwe. Kama liligongwa mara moja, vumbi litakuwa limeachana nalo na kwenda zake. Picha hiyo ndiyo itakayoamua. Ila anga ndilo hilo, na Kokwa linazidi kushuka.

26 Aprili

Nimemwomba Spana msamaha. Nilikuwa nimejiandalia hotuba ndefu, nikasema tu, "Kaka, nilikukosea. Sweta halikuwa na kosa." Akaniangalia, kisha akakikunjua kiwiko kile kilichofumuka.

"Na huku alipita panya?"

Nimelibeba sweta nyumbani. Mume wangu kashona kiwiko usishtuke wala usijue, kisha akaniambia nimwombe radhi na mwenye kulifuma, ingawa hayupo. Nikamwomba.

30 Aprili

Mvua.

2 Mei

Mvua.

5 Mei

Mawingu mazito hadi machweo, kisha yakafunguka upande wa mashariki, upande tusiouhitaji. Mkuu alipiga teke ndoo.

7 Mei

Mvua. Spana ameziba paa. Kweli, ameziba! Nimemwuliza kama anaumwa tena.

9 Mei

Tangu saa tisa alasiri upepo uligeuka. Saa kumi na mbili na nusu jioni mstari wa anga safi ulijifungua upande wa magharibi, mwembamba, juu kidogo ya mapaa ya mji. Kokwa lilikuwa humo. Mkuu alisema tuna dakika thelathini na nane kabla halijazama kwenye ukungu wa upeo.

Nilikisafisha kioo cha kamera mara mbili. Spana alikuwa juu ya ngazi, na sweta lake, anasukuma mlango wa kuba, lile paa la mviringo la darubini, kwa bega kwa sababu injini imeingia maji. "Sogeza! Sogeza, mama mzazi!" Sijui alikuwa anaiambia darubini au ananiambia mimi. Picha ya kwanza, wingu. Ya pili, wingu. Ya tatu ikatoka, ya nne, ya tano. Kisha wingu jeusi likafunga, matone yakaanza, tukafunga kuba mbio tumelowa kama vifaranga.

Mkuu hakutaka kuzifungua. "Fungua wewe, Mama. Jicho lako ndilo lililoliona kwanza."

"Jicho langu ndilo lililolifuta kwanza."

"Fungua."

Nikafungua. Kidoti peke yake, kikavu, hakina kitu ubavuni. Halafu nafasi tupu, nyeusi. Halafu mbali, kushoto, mstari hafifu sana umeelea peke yake.

Vumbi limekwenda zake. Halilishwi. Lilitoka mara moja tu, siku moja.

Spana alipiga kelele hadi mlinzi akaja na rungu.

10 Mei

Mvua. Mvua nzuri tu. Tumelala hadi saa tatu.

22 Mei

Ripoti imekwenda. Mkuu alitaka kuandika kwamba "picha za awali zilipatikana kwenye hifadhi." Nikakataa. Nimemwambia iandikwe kwamba mkia ulifutwa na msafishaji wa picha kwa kudhani ni uchafu, na ieleze kwa nini, maana hakika kuna mwenzangu mahali fulani duniani mwenye brashi na kiburi kama changu. Ameandika. Na siku arobaini tumezifuta kwenye kanuni. Ghafi zote zitatunzwa, na makorokoro yajae.

29 Mei

Programu ya Mkuu imekamilika. Leo kaijaribu mbele yetu. Ameipa picha ghafi ya tarehe 4 Machi, ile ya kwanza kabisa. Ikafikiri sekunde mbili.

Ikaufuta mkia. Safi kabisa, kiraka kimekaa kama changu, hata kingo zake ni zangu.

Spana alicheka hadi akakaa chini. "Mama Brashi mtupu!"

Mimi sikucheka mara moja. Kuna kitu kilinichoma kuuona mkono wangu ukifanya kosa langu bila mimi. Mkuu akavuta kiti karibu nami.

"Umeona? Imejifunza yote uliyofanya. Lakini haijajifunza uliyoyajua tarehe 18 Aprili, kwa sababu hayako kwenye picha yoyote. Yako kwako." Akapangusa meza kwa kiganja ingawa haikuwa na vumbi. "Usiende, Mama. Siku mbili kwa wiki, uifundishe lini isiguse."

Nikasema nitafikiri. Nilishafikiri kabla hajamaliza sentensi.

31 Mei

Wamenipa ile saa ya ukutani. Nimeipokea, nimeshukuru, nimemkabidhi Spana aitundike. Nadhani itaanguka.

Kokwa limeingia nyuma ya Jua. Litatokea tena upande wa pili alfajiri moja ya Novemba, na Mkuu kaizungushia duara kwenye kalenda. Iko siku ya Alhamisi, na Alhamisi ni mojawapo ya siku zangu.

Kabla sijatoka nililifungua daftari la kasoro. Lina kurasa mia na kitu za mwandiko wangu, na hakuna mahali pamoja palipokatwa. Nilichukua kalamu nyekundu nikakata neno "unyoya" mara kumi na moja, moja moja, na pembeni ya kila moja nikaandika "vumbi la Kokwa" na kutia sahihi yangu. Kurasa hazipendezi tena kwa macho. Nikaliacha limefunguliwa palepale juu ya meza, yeyote apitaye asome, nikaenda zangu nyumbani na mwavuli chini ya kwapa, maana mvua zimekwisha.